Siku moja maishani mwangu: leo fundi redio najitengenezea saplai ya kupandisha na kushusha volti

Saa 12 asubuhi. Nimefungua kibanda mapema, hapa Manzese bado pametulia. Wiki iliyopita niliunguza redio ya mteja. Niliijaribu kwa adapta iliyoandikwa volti 6, kumbe bila mzigo, yaani kabla haijaunganishwa na kifaa cha kuvuta umeme, ilikuwa inatoa 9 na ushei. Nilimlipa, akapokea kimya, na kimya kile kimeniuma hadi leo. Sishiki redio ya mtu tena kabla sijawa na saplai, yaani boksi la kutolea umeme, ninayoiamuru volti mwenyewe.

Saa 3. Kariakoo. Transfoma ninayo, nimeifungua kwenye amplifaya mbovu: inaingiza volti 230, inatoa 18. Nimenunua LM317 mbili (IC ya miguu mitatu inayodhibiti volti), dayodi nne za 1N5408 za kugeuza AC kuwa DC, voliumu (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 5, na kapasita ya kutunza chaji ya maikrofaradi 2,200. Muuzaji ananiambia, "Kaka, chukua ya volti 25, bei rahisi." Nimekataa. Volti 18 za AC zikishapita kwenye dayodi na kujaza kapasita zinafika 24 au 25, na umeme wa mtaani ukipanda kidogo tu kapasita hiyo inavimba. Nimechukua ya 50.

Saa 5. Naunga. Kwanza fyuzi ya nusu ampea upande wa 230, ndipo mengine yafuate. Maandishi ya LM317 yakikutazama, mguu wa kushoto ni wa kurekebishia, wa kati unatoa, wa kulia unaingiza. Kati ya wa kushoto na wa kati nimeweka rezista ya omu 240, na voliumu inatoka mguu wa kushoto kwenda hasi. Hapo ndipo napapenda: IC hii hung'ang'ania volti 1.25 kati ya miguu hiyo miwili, siku zote. Ukizungusha voliumu hadi omu 912, unapata volti 6 kamili.

Saa 8 mchana. Nimewasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikamulika, ikafifia: kapasita imejaa, hakuna shoti. Lakini mita inasoma zaidi ya 23, na voliumu nazungusha haishuki! Kijana wangu akasema, "Fundi, IC imekufa." Nikachukua lenzi. Kwenye mguu wa voliumu risasi ya kuchomelea ilikuwa imekaa kama pete, kijivu, imeuzunguka mguu bila kuushika. Mguu ule ukiachia, IC inasukuma kila ilichonacho. Nikakwangua, nikachoma upya mpaka ikang'aa, kisha nikavuta kila kiungo kwa koleo. Ikashuka hadi 1.25.

Saa 9 na nusu. Nimeijaribu na balbu ya gari ya wati 10 kwenye volti 12. Baada ya dakika chache ikazimika yenyewe. IC ilikuwa inageuza karibu wati 10 kuwa joto, na kibati cha kuipoza nilichoipa ni kidogo, ikajifunga isiungue. Nimeihamishia kwenye bati pana la ile amplifaya, na maika, kipande chembamba kisichopitisha umeme, katikati, maana mgongo wa IC umeungana na mguu wa kutoa na sitaki boksi la chuma liwe na chaji. Nusu saa nzima, balbu haikutetereka.

Saa 11 jioni. Bibi wa jirani kaja na redio yake ya betri nne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Itaimba leo?"

Nikaweka 6.0, nikapima mara mbili, ndipo nikaunganisha. Sauti ikatoka safi. Bibi akainamisha sikio: "Mbona haingurumi kama na ile adapta yangu?"

Saa 1 usiku. Bila mzigo inafika 23, ila ukivuta ampea 1 ikiwa juu ya volti 16 inaanza kunguruma. Kwa hiyo nimeandika juu ya boksi kwa kalamu nene: VOLTI 15, AMPEA 1, BASI. Kijana bado anazungusha voliumu, anasoma mita kwa sauti.