Siku moja maishani mwangu: nikihesabu matone Mufindi

Saa 11 alfajiri

Baridi ya Mafinga haijali kwamba huu ni Oktoba. Nakunywa chai ya tangawizi nimesimama, huku nikikagua begi: mwiko wa fundi, rula, bahasha za kaki, dropa ya duka la dawa na chupa mbili za maji ya betri. Maji ya bomba huja na chumvi zake, nami nataka tone likigoma nijue kilichogoma ni udongo. Ni fundi wa maabara ya udongo, na leo napima udongo unaokataa maji.

Saa 1 asubuhi

Bodaboda ananishusha kwenye shamba la milingoti, ile ambayo kwingine huitwa mikaratusi. Mvua ya mwisho hapa ilikuwa Mei. Naondoa majani makavu taratibu, nasawazisha kipande cha ukubwa wa kiganja, nadondosha matone 5 kwa mstari. Dropa naishusha hadi chini ya sentimita 1 kutoka ardhini, maana tone likianguka kutoka juu hupasua udongo na kujiingiza kwa nguvu. Nabonyeza saa ya simu, nasubiri.

Matone yamekaa mviringo, yanang'aa, yamejipaka vumbi, kama maji juu ya jani la gimbi.

Kipimo chenyewe ni hicho tu: tone linachukua muda gani kuzama. Kabla ya sekunde 5, udongo unapokea maji. Sekunde 5 hadi 60, unasitasita. 60 hadi 600, unakataa kweli. 600 hadi 3600 ukataaji ni mkali, na tone likivuka saa nzima, hilo ndilo daraja la mwisho. Tone langu la tatu kuzama limezama dakika ya 14. Naandika hilo la katikati badala ya wastani, kwa sababu tone moja kaidi huvuta wastani wote.

Nachimba. Sentimita 5 chini, sekunde 40. Sentimita 10, tone linamezwa papo hapo. Ugomvi wote uko juu, kwenye tabaka ambalo jembe hulipita kwa pigo moja. Majani ya milingoti yana mafuta na nta. Yakioza, nta hiyo pamoja na ile ya kuvu huvika chembe za udongo utando mwembamba. Mchanga huathirika upesi zaidi, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na nta kidogo hutosha kuzifunika.

Bondeni, chini ya milingoti ileile, udongo bado una unyevu, na huko tone linazama mara moja. Nta ipo, lakini udongo ukishika unyevu wa kutosha ukataaji hupotea hadi ukauke tena. Ndiyo maana kila sampuli napima mara mbili: shambani ilivyo, kisha baada ya kuikausha.

Saa 4 asubuhi

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kamwene."

Bustani yake ya kabichi imepakana na milingoti. Anasema anamwagilia ndoo tatu, maji yanakimbilia mferejini, na miche inanyauka vilevile. Naingiza mwiko kwenye tuta alilomwagilia sasa hivi: juu kumelowa unene wa kucha, chini ni vumbi. Ameshika udongo huo muda mrefu bila kusema. Kisha akasema aliwahi kuambiwa ni mvivu wa kumwagilia.

Neno hilo limeniuma. Mama huyu amekuwa akibeba maji ambayo ardhi haiyanywi.

Nimemwonyesha kudondosha kwa mrija wa soda na kuhesabu moja, mbili, tatu kwa mwendo wa sekunde. Kuhusu tuta, nimemshauri asiliache likauke kabisa, amwagilie kidogo kidogo mara nyingi, atandaze mabua ya mahindi badala ya majani ya milingoti. Nimemweleza pia kwamba wakulima wa Australia Magharibi huchanganya mfinyanzi kwenye mchanga wao unaokataa maji. "Mfinyanzi upo kule bondeni," akajibu, akinyoosha kidole.

Saa 8 mchana

Eneo lililoungua. Moto huyeyusha nta kuwa mvuke, mvuke hushuka na kuganda chini penye ubaridi. Joto la udongo likifika nyuzi 175 hadi 200 ukataaji huzidi. Likifika 280 hadi 400 nta huungua na kwisha. Hivyo juu penye majivu tone limezama, sentimita 3 chini limegoma. Asiyechimba ataandika kwamba pako salama, na mvua ya kwanza itashusha majivu yote mtoni.

Saa 12 jioni

Chumbani, sampuli ziko juu ya magazeti zikikauka. Za wiki iliyopita ziko tayari, nazipima kwa spiriti. Spiriti hulegeza ule mvutano unaolishikilia tone, kwa hiyo naanza na maji matupu, napanda kwa moli 0.2 kwa lita, yaani kama mililita 12 za spiriti safi katika lita moja, hadi nipate mchanganyiko unaozama ndani ya sekunde 10. Kipimo cha muda huonyesha ukataaji unadumu kiasi gani. Hiki huonyesha nguvu yake mwanzoni. Sampuli moja imefika 2.4.

Saa 3 usiku

Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama. Amezunguka bustani nzima na mrija wake. "Mwanangu, pale kwenye migomba, moja, mbili, limezama. Kwenye tuta la katikati nimehesabu hamsini. Huku kwa milingoti nimefika mia tatu, bado limekaa. Kesho naanza kubeba mfinyanzi, naanzia huku."