Jana nilisimama Monroeville Mall

Jamani, jana nimetimiza ndoto ya miaka mingi. Binamu yangu anaishi Pittsburgh, Marekani, nikamwomba anipeleke Monroeville Mall, jumba la maduka ambako mwongozaji George Romero alipigia picha Dawn of the Dead, filamu ya kutisha iliyotoka 1978. Ndani yake watu wanne wanakimbia mazombi, yaani wafu wanaotembea, kwa helikopta, wanatua juu ya paa la jumba la maduka, wanalifanya ngome yao.

Nilitembea polepole mno, binamu akachoka kunisubiri. Kila mlango wa kioo niliokutana nao, nilikumbuka malori waliyoyasogeza kuziba milango kwa nje, na ule ukuta wa uongo waliojenga kuficha njia ya kwenda maficho yao ya juu. Akili ile! Wana chakula, nguo, bunduki, pesa za benki ambazo hazinunui kitu tena. Halafu wanaanza kunyauka. Mama mjamzito anakaa kwenye chumba kilichopambwa vizuri, uso hauna furaha hata kidogo. Hapo ndipo filamu hii inaponiumiza kila nikiitazama, kuliko damu yote ile.

Romero na wenzake walikuwa wakipiga picha za filamu hii usiku, maduka yakishafungwa, na Desemba ilibidi wasimame kwa sababu ya mapambo ya Krismasi yaliyowekwa humo.

Ndani kulikuwa na sanamu ya kichwa cha Romero, aliyefariki 2017. Nilisimama mbele yake, machozi yakanilenga. Binamu akanishika bega, hakusema kitu.