Faini ya dola 75 kisa mwaloni unaonifika magotini

Jamani leo nimelipa tiketi ya paking dola 75, kisa kichaka. Pigeni hesabu wenyewe kwa shilingi. Siku ile niliegesha pembeni ya barabara kule Echo Lakes, milimani juu ya Ziwa Tahoe, California huku Marekani, mita zaidi ya 2,200, nikijua ni dakika kumi tu. Nikakaa masaa mawili.

Iko hivi, mzee ninayemhudumia hapa Sacramento (ndio boksi langu huku, kuogesha wazee, na nyie mnaoniuliza inbox kazi zipo, zipo, ila uwe na cheti na mgongo, suti acha nyumbani) zamani alikuwa mpanda milima, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Binti yake akampeleka ziwani, mimi nikafuata na kagari kangu. Mzee akasema nipande kidogo nimpigie picha ya mwaloni anaoukumbuka, nisikate hata tawi.

Sasa mimi mtoto wa Mwanza, mwaloni ni pale Kirumba, sokoni kwenye dagaa. Mwingine naujua wa kwenye Biblia, uliomnasa Absalomu kichwa akabaki ananing'inia nyumbu kaenda zake. Kwetu mti wenyewe hauoti, mialoni ya asili Afrika iko huko kaskazini, Moroko na Algeria. Nikapanda shingo juu natafuta jiti kubwa. Mzee ananipigia kelele kutoka chini, angalia miguuni!

Picha ya kwanza nikamletea kichaka cha gome jekundu, laini, na vitunda kama vitofaa. Mzee akasema, hiyo manzanita, rudi. Ya pili jani lake chini ni dhahabu kabisa na tunda lina miiba kama nungunungu. Hiyo chinkapini, rudi. Hapo nikaanza kununa, najisemea huyu analipia kuogeshwa au kuokotewa majani?

Ya tatu ilikuwa imejibana kwenye ufa wa jiwe, inanifika magotini. Vijani vidogo kama kucha ya dole gumba, kijani cha kijivujivu, pembeni havina meno, vijiti vyembamba unavikunja kama chelewa za ufagio. Na kokwa zilizovaa vikofia! Zingine kama shanga, zingine zimenenepa, kumbe inachukua miaka miwili kokwa kukomaa ndio maana unakuta za mwaka huu na za mwaka jana pamoja. Mzee akauliza, chini ya majani machanga kuna unga wa dhahabu? Nikarudi TENA nikasugua na kidole, hamna. Ungekuwepo angeshuku ni ndugu yake, Quercus chrysolepis, unaokua mpaka mti kamili, na hiyo miwili huwa inazaliana ikawachanganya hata wasomi. Huu wangu ni Quercus vacciniifolia, wenyewe wanauita huckleberry oak.

Mzee akaishika simu muda mrefu, hasemi kitu. Halafu akavua lenzi yake ya shingoni, ya kuangalizia majani, akanivisha mimi. Miaka sita Marekani, mtu kanipa kitu chake mwenyewe, siyo nguo za kugawa.

Kurudi kwenye gari, tiketi iko kwenye kioo. Binti yake akasema atalipa. Mpaka leo kimya, nimelipa mimi.

Nikamtumia mama picha WhatsApp, nikamwambia mama huu ndio mwaloni. Akajibu kwa sauti, "Mwanangu, na huu Absalomu si angeruka tu?"