Ubeti wa tatu

Mimi ni sauti ya pili. Nimekuwa sauti ya pili tangu nijiunge na kwaya nikiwa na miaka 16, na sijawahi kuombwa kuhamia kwingine. Sauti ya pili ni ile ambayo msikilizaji haendi nayo nyumbani. Ataondoka akiimba ya kwanza, au atajaribu besi akiwa bafuni. Sisi tunapewa nota moja tuishikilie, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani, mpaka wenye wimbo warudi.

Mazoezi ya nyimbo za Noeli tunayaanza Septemba. Ikifika Desemba nimeshazichoka, nasema kweli. Tumeziimba kwa solfa, kwa maneno, kwa kufumba midomo, kwa kinanda na bila kinanda, kisha taratibu kabisa kwa ajili ya sauti ya tatu, ambao kila mwaka wanakosea palepale. Wimbo uliopitishwa kote huko unabaki na siri gani? Lakini usiku wa mkesha, tukifika ubeti wa tatu wa Usiku Mtakatifu, koo linanibana.

Kwa mwanakwaya hilo ni tatizo la kazi. Koo likibana pumzi inakatika, nota inayumba, na jirani yako anayumba nawe. Mwalimu wetu ana dawa zake: kunja vidole vya miguu ndani ya viatu, hesabu vioo vya dirisha la nyuma, usimtazame mtu usoni, hasa wazee. Nimezijaribu zote. Vidole vya miguu vinanifikisha mwisho wa ubeti wa pili.

Zamani nilidhani ni maneno. Lakini maneno yenyewe ni usiku, utulivu na mtoto amelala. Hakuna msiba humo. Muziki nao ni mwepesi. Joseph Mohr, padri msaidizi, alikuwa na shairi lake tangu 1816. Tarehe 24 Desemba 1818 akampelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, alitilie muziki wa waimbaji wawili na gitaa. Usiku huohuo wakauimba kanisani Oberndorf, Austria: Mohr na gitaa lake, Gruber akiimba besi, kwaya ikirudia mistari ya mwisho ya kila ubeti. (Hadithi kwamba gitaa lilitumika kwa sababu panya walitafuna kinanda naipenda sana, ila haina ushahidi.) Wimbo uliotiwa muziki na kuimbwa siku hiyohiyo hauwezi kuwa mgumu. Unayumba kama unabembeleza, na sauti ya pili inatembea chini ya ya kwanza hatua kwa hatua. Humo, angalau, hatujaachiwa mtoto wa mtu.

Zile za shangwe hazinilizi kabisa. Ule wa malaika waimbao, maneno yakiwa ya Charles Wesley ya 1739, muziki wake umetolewa katika kazi ambayo mtunzi Mendelssohn aliitunga 1840 kwa sherehe za kumkumbuka Gutenberg na uchapaji wake. Kwangu bado unasikika kama uzinduzi wa mtambo. Wapiga tarumbeta wanaupenda. Mimi hapo napumzika.

Kilichonifumbua macho ni ibada ya nyimbo za Noeli ya King's College, chuo cha Cambridge, Uingereza, ninayoisikiliza redioni. Eric Milner-White aliianzisha pale Mkesha wa Noeli wa 1918, majuma sita tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuhudumu vitani kama kasisi wa jeshi. Wimbo wa kuingilia unaanzwa na mtoto mmoja, peke yake, bila kinanda. Watu husifu sauti ya mtoto. Mimi mtoto namsikiliza nikiwa na macho makavu. Ni ubeti wa pili, kwaya nzima inapoingia kwa upole chini ya ukimya aliouacha, ndio unaonimaliza. Mmoja alikuwa peke yake, sasa hayuko peke yake. Hakuna neno lililobadilisha hilo, ni pumzi tu za watu waliovuta pamoja.

Sasa niseme la aibu. Mwaka mmoja tulikuwa sauti ya pili watatu tu, wengine wakiugua mafua. Ubeti wa tatu, mstari wa pili, nikakatika. Nikamgeukia wa kulia kwangu anibebe. Naye machozi yanatiririka. Wa kushoto alikuwa ameshusha karatasi ya nota hadi kifuani, anaangalia dari. Tukanyamaza wote watatu. Sauti ya kwanza ikabaki inaelea juu, besi chini, katikati tundu. Mistari miwili baadaye tukajikusanya tukaingia, pumzi moja, bila hata kuangaliana.

Baada ya ibada nilijificha nyuma ya makabati ya majoho. Mama mmoja mzee akanifuata hukohuko, akanishika mkono. “Mwanangu, pale mlipojitoa halafu mkarudi! Nani aliwafundisha?”

Nikamwambia ni mwalimu.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Hakusema kitu. Septemba iliyofuata alipogawa nota, juu ya mstari ule palikuwa na maandishi yake ya penseli: sauti ya pili, nyamazeni. Tangu hapo tunanyamaza kwa amri, na pale sijalia tena. Nalia mistari miwili mbele, tunapoingia.