Ngao ya baba na neno la baba mdogo

Neno la baba mdogo bado halijanitoka. Nimelala nalo, nimepanda nalo basi, nimekaa nalo kazini. Wiki ilikuwa na mambo yake: mdogo wangu kajifungua salama mtoto wa kike kule Edmonton, mimi nimethibitishwa kazini, theluji ya kwanza imeshaanguka. Yote hayo yamepita, neno limebaki.

Baba aliomba nembo ya familia, yaani ngao yenye alama zetu wenyewe. Hapa Kanada raia anaweza kuiomba, na hupewa kama heshima kwa aliyoifanyia jamii. Tangu 1988 nchi ina mamlaka yake yenyewe ya nembo, hapahapa Ottawa. Kabla ya hapo maombi yalikwenda London au Edinburgh. Basi Jumapili baba akatandaza michoro mezani, mama akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai ili baba mdogo naye aone akiwa Muheza.

Ngao ni nzuri, jamani. Mkonge wa kijani kwenye uwanja mweupe, na chini yake mistari ya mawimbi, bluu na nyeupe. Mwanzoni baba alitaka mkonge ukae juu ya bluu ya bahari ya Tanga, akaambiwa haifai. Kwenye nembo njano na nyeupe huhesabiwa dhahabu na fedha, yaani metali. Kijani, bluu, nyekundu, nyeusi na zambarau ndizo rangi, na rangi haiwekwi juu ya rangi, kwa sababu ngao lazima isomeke kwa mbali. Mchoraji hakusahau mwiba mweusi kwenye ncha ya kila jani. Nilipouona nikamkumbuka babu na makovu ya mikono yake. Alikata mkonge mpaka nguvu zikamwishia, kwenye kilimo kilichoanza na miche 62 tu iliyosalimika safarini, ile aliyoiagiza Mjerumani Hindorf mwaka 1893. Chini ya ngao yameandikwa maneno aliyoyachagua baba: Mkono mtupu haulambwi.

Baba mdogo akatazama, akasifu, kisha akasema, "Hii sasa ni ya kaka yako. Wewe mwanangu ukiolewa utaipeleka kwa watu."

Nikamtazama baba.

Baba akasema, "Chai inapoa."

Chai inapoa! Nimeligeuza neno hilo kila upande. Pengine hakutaka kubishana na mdogo wake mbele yetu, yule ni mgeni hata kama yuko kwenye simu. Pengine anakubaliana naye. Lakini jibu baba analo, maana kanuni zote nilimsomea mimi, na barua niliiandika mimi. Nilimweleza kwamba kwa desturi ya zamani ya Uingereza mwanamke hakuweka nembo yake kwenye ngao, aliiweka kwenye umbo kama uru ya karata, kwa hoja kwamba ngao ni chombo cha vita. Kanada wameliacha hilo. Binti hurithi sawa na kaka yake, kila mtoto akiongeza alama yake: kwa binti wa kwanza ni moyo, kopa kabisa, kwa binti wa tatu ni chembe ya theluji. Baba aliposikia ya theluji alicheka sana. Kwa hiyo anajua. Angeweza kusema, "Hapana, ni ya wote." Maneno manne.

Jana nikampigia mama, na wala sikuligusa jambo hilo. Kaanza mwenyewe. "Baba yako mkonge, mkonge. Haya, babu yenu alikata. Aliyeanika ni nani?"

Nikanyamaza. Bibi alifanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, akianika singa, zile nyuzi zake, kwenye waya juani, utomvu ukimwasha mikono mpaka usiku. Mama anasema alikuwa akizipanga zikae mstari mmoja mnyoofu, na nyapara alikuwa akiwaleta wengine watazame kazi yake. Hilo sikuwahi kulisikia! Nikaufungua mchoro nikayatazama upya yale mawimbi meupe, nikafurahi kuliko nilivyofurahi wiki nzima.

Usiku nikamwandikia baba. Kwenye maelezo ya maana ya nembo, ile mistari myeupe itajwe kuwa ni bahari na ni katani ya bibi. Na ngao yangu yenye moyo ichorwe sasa, pamoja na ya kaka. Kanijibu kwa alama ya dole gumba, kisha akaongeza: "Bibi yako angependa."

Ila kabla ya kukata simu mama alinidokeza kwamba ameacha vidonge vya presha, eti vinamvimbisha miguu, na nisimwambie baba. Miadi yake na daktari ni mwisho wa mwezi ujao. Tangu asubuhi natafuta ya karibu zaidi na simu ya kliniki inaita tu.