Ganzi ya vidole na nyama kuchezacheza: nilivyopata chanzo chake

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala Rangi Tatu, kwa hiyo vidole ndiyo mtaji wangu. Ganzi ilipoanza niliijua kwanza kwenye kitambaa: satini na poliesta zikawa kitu kimoja mkononi, nikawa napitisha kidole gumba juu ya upindo na sisikii kama uzi umekaa. Baadaye ikashuka kwenye nyayo, kama sisimizi wanatembea ndani ya soksi. Usiku nikijilaza, nyama za mapaja na vigimbi zinacheza zenyewe, hapa zinaacha, pale zinaanza. Kope ya kushoto nayo haikutulia, na kwa kuwa kope ikicheza watu hungoja mgeni au habari, hakuna aliyeiona kama ugonjwa.

Nina kisukari na nameza metfomini miaka mingi. Kila niliyemweleza alikuwa na jibu tayari: "Hiyo sukari, imeshaingia kwenye mishipa." Dispensari nako waliandika hivyohivyo. Ni kweli sukari huharibu neva, hasa za miguu. Lakini sukari yangu ilikuwa imetulia muda mrefu, na hakuna aliyenieleza kwa nini nyama zicheze mwili mzima mpaka kwenye kope. Wifi yangu aliona ni jini, akaniletea kombe. Nikalinywa, maana alilileta kwa mapenzi. Duka la dawa wakataka kuniuzia vidonge vya mishipa, vile vyenye B1, B6 na B12. Mwanangu akapekua simu, akakutana na ule ugonjwa ambao neva zinazoendesha misuli hufa, mtu akaishiwa nguvu hadi kupumua kukawa shida. Usiku ule hatukulala, yeye wala mimi.

Nikachukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikaanza kuandika nyuma yake: saa, sehemu, ni ganzi au ni kucheza, nimekula nini, nimemeza nini. Nilipopata rufaa ya Muhimbili nilikwenda nalo, pamoja na mfuko wenye pakiti za dawa zangu zote, hata zile ninazojinunulia. Mfuko ule ndio uliofupisha safari yangu kuliko kitu kingine chochote.

Daktari wa neva hakuanza na mashine. Alinigonga magoti kwa kinyundo, akanigusa kwa pamba, kisha akagonga uma wa chuma ukavuma, akaniwekea kwenye kidole gumba cha mguu.

"Mama, niambie ukiacha kutetemeka."

"Mbona hautetemeki, daktari?"

Akaupandisha kwenye goti. Pale nikausikia. Akaniambia nisimame miguu pamoja, nifumbe macho. Nikayumba, nesi akanidaka. Akanieleza kuwa neva zinazopeleka habari za mtetemo, na za mguu ulipo, zimedhoofika, ndiyo maana gizani najikwaa. Halafu akashindana nami nguvu, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu, akakagua kama kuna msuli uliokonda. Nguvu zangu zilikuwepo zote. Akamgeukia mwanangu: nyama kucheza peke yake, nguvu hazijapungua na msuli haujakonda, mara nyingi sana si ule ugonjwa uliousoma. Maneno hayo tu yalitosha kulipia nauli yetu.

Kisha akamwaga mfuko mezani, akatenga pakiti mbili: metfomini, na omeprazo niliyokuwa nameza kila siku kwa ajili ya tumbo. Metfomini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12 inayofyonzwa na mwili. Omeprazo nayo hupunguza asidi ya tumbo, na asidi ndiyo inayoibandua B12 kutoka kwenye nyama, samaki na mayai tunayokula. Ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu huja polepole, na ukifika huzila ala zinazofunika neva. Tena omeprazo ya muda mrefu huweza kushusha magneziamu, na ikishuka misuli hucheza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu magneziamu mwaka 2011. Ya Uingereza ikasema kuhusu metfomini na B12 mwaka 2022. Huku mtaani sikuwahi kuyasikia.

Alinikataza vile vidonge vya mishipa hadi damu itolewe, kwa sababu vingepandisha B12 na kuficha tatizo. B6 nyingi ya muda mrefu, alisema, yenyewe huleta ganzi. Nikapimwa wastani wa sukari wa miezi 3, figo, tezi ya shingo, kalsiamu, potasiamu, magneziamu, VVU, kaswende, picha nzima ya damu na B12. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyochoma mfuko. Nilishona sare za shule usiku ili niilipie.

B12 ilikuwa chini sana, magneziamu chini kidogo, sukari nzuri.

Nikaanza sindano za B12 za miligramu 1, mwanzoni kwa kukaribiana, kisha za kila mwezi, na vidonge vya magneziamu. Tumbo lilichunguzwa upya, omeprazo ikapunguzwa taratibu hadi ikaachwa. Metfomini sikuachishwa, na ninayemsimulia humsisitizia hilo: usiiache kwa kunisikia mimi, omba upimwe.

Nyama zilitulia mapema. Ganzi ndiyo inayoondoka kwa uzito: vidole vya mikono vimerudi, satini naijua nikiwa nimefumba macho, ila ncha za vidole vya miguu bado, na daktari amesema huenda kidogo kikabaki. Dada yangu wa Tanga naye yuko kwenye metfomini miaka mingi na analalamika nyayo. Nimemtumia picha ya majibu yangu kwa WhatsApp, na Jumatatu anakwenda kupima.