Bibi kakataa kuwa ni yeye
Mara ya tatu hii namchora bibi kwa rangi za maji, na mara ya tatu ananiuliza, "Huyu mgonjwa nani?"

Tupo barazani, Mikindani. Simu nimeifunga kwa mpira kwenye stuli, stuli juu ya meza. Nimerekodi dakika 40. Kuja kutazama, nusu nzima ni kisogo changu. Bibi naye hatulii, anabangua korosho.

Rangi hizi hazina huruma jamani. Unaanza na nyepesi, nzito baadaye, na weupe ni karatasi yenyewe: ukishaufunika, basi. Mng'ao wa puani niliufunika dakika ya tano. Halafu huu unyevu wa bahari, shavu halikauki! Sikungoja, nikatia kivuli cha jicho, kikatiririka hadi kidevuni. Bibi akawa kama analia wanja.

Ila kuna kitu. Kahawia nilikuwa naipaka kama ilivyo. Leo nikaichanganya na bluu kidogo, na pale kwenye paji la uso, kieneo cha ukubwa wa ukucha tu, ni bibi kabisa.

Video naipandisha hivyo hivyo, na kisogo changu. Kesho anataka achorwe na kanga mpya. Maua yale yote, nitayaweza wapi?